Geti la Dakika za Mwisho

Watu wa mtaa ule walimwita Komeo. Jina hilo lilimkaa kuliko lile la wazazi wake, kwanza kwa sababu kazi yake ilikuwa kusukuma na kuvuta komeo la geti la mashariki la uwanja wa Nyundo, na pili kwa sababu mwenyewe alikuwa mtu wa kujifungia. Alikuwa mwoga. Hilo halisemwi kwa kumvunjia heshima, maana yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kulisema. Ungemkuta kando ya barabara, gari hakuna kulia wala kushoto, naye bado kasimama. Alikuwa anangoja lile ambalo halijatokeza.

Woga huo aliuanza mapema. Nyumba yao ilipakana ukuta na karakana ya mabehewa, na kila asubuhi king'ora cha kuita zamu kilipolia, mtoto yule alijitupa uvunguni mwa kitanda na kuziba masikio. Dada yake mkubwa ndiye aliyekuwa akimvuta mguu.

"Toka huko wewe, kimeshanyamaza. Hakijala mtu hata siku moja."

"Na kesho je?"

"Kesho kitaanza na mimi, mimi ndiye mwenye nyama. Toka unywe chai."

Mama yao alikuwa ametangulia mbele ya haki mapema, baba alikuwa mtu wa zamu, kwa hiyo dada alikuwa dada, akawa mama, akawa mlinzi wa nyumba pia. Alikuja kuwa mwanamke mpana, muuza mkaa, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye mtaa wa tatu akaitika. Uwanjani wote walimjua kwa jina la Bi Bure, na sababu yake inakuja.

Klabu ya Nyundo haikuanzishwa na tajiri wala na serikali. Ilianzishwa na mafundi wa karakana, baba yao akiwemo, waliokuwa wakipiga mpira baada ya kazi kwenye changarawe nyuma ya mabehewa mabovu. Walicheza na buti zilezile za kazini, ndiyo maana timu za wageni hazikupenda kuja mara ya pili. Jezi zao za kwanza zilikuwa ovaroli zilizokatwa kiunoni. Ovaroli zenyewe zilikuwa za rangi ya kutu, basi hadi leo Nyundo huvaa rangi ya kutu, na wapinzani husema timu ile ilizaliwa ikiwa imeshachakaa. Uwanja wakajijengea wenyewe. Milingoti ya magoli ilikuwa mabomba. Geti la mashariki lilikuwa mabati manene ya mabehewa yaliyochomelewa, milango miwili mizito inayofungukia ndani, kwa kuwa wakati ule nje yake ilipita reli ya akiba, na geti la kufungukia nje lingegongwa na behewa. Reli iling'olewa zamani. Geti likabaki linafungukia ndani, wala hakuna aliyejisumbua kuuliza kwa nini.

Mafundi haohao waliweka na desturi moja. Wenzao wa zamu ya mchana walikuwa wakitoka kazini mechi ikielekea ukingoni, na ilionekana si haki mtu alipe tiketi nzima aje kuona kipande cha mchezo. Ikaamuliwa kwamba ikifika robo saa ya mwisho, mlinda geti agonge kipande cha reli kilichoning'inizwa pale, kisha avute komeo, na aliye nje aingie bila tiketi. Karakana ilifungwa, zamu zikaisha, mafundi wakazikwa mmoja baada ya mwingine, lakini kile kipande cha reli kiliendelea kugongwa. Walioingia kwa njia hiyo waliitwa watu wa dakika za mwisho, nao walijiona bora kuliko wa jukwaani.

"Wenzetu wanakaa juani kutazama watu wakinyoosha misuli," alisema Bi Bure. "Sisi tunaingia mpira ukiwa umeshaiva."

Hakununua tiketi maishani mwake, na si kwamba alikosa hela. Aliona kununua tiketi ni kumkana baba.

Komeo naye aliipata kazi ya geti kwa woga uleule. Akiwa kijana alisafiri na mashabiki kwenda mji mwingine kwa mechi ya ugenini. Wakati wa kutoka, mtu mmoja alijikwaa kwenye ngazi za uwanja wa watu, na waliokuwa nyuma hawakujua. Komeo alijikuta kabanwa, uso wake umegandamizwa kwenye shati la mtu, miguu haigusi chini. Kilichomtisha hakikuwa maumivu. Kilichomtisha ni kwamba aliyekuwa akimkandamiza kwa nyuma alikuwa akimwomba radhi. "Samahani, kaka. Si mimi, kaka. Samahani." Sauti ile ilimnong'oneza sikioni, kwa adabu kabisa, mpaka ikakatika. Komeo alitoka na kiatu kimoja. Yule mwenye adabu hakutoka.

Hakukaa jukwaani tena. Kuiacha Nyundo nako hakuweza. Basi geti la mashariki lilipohitaji mtu, alilikimbilia. Mlinda geti husimama peke yake, chuma upande mmoja, watu upande wa pili, na chuma chenyewe kilichomelewa na baba yake. Siku za kawaida alikata nyasi, alichora mistari kwa chokaa, alishona nyavu zilizotoboka. Siku za mechi alipanda juu ya kibanda cha tiketi, chenye paa la zege na ngazi fupi ya chuma ubavuni, akaona uwanja wote kwa upande huu na barabara yote kwa upande ule. Alikuwa macho ya walio nje.

"Kona yetu!" aliwaambia.

"Upande gani?"

"Wa kushoto. Na refa leo ana kigugumizi cha filimbi."

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo hakulitangaza kwa mdomo. Msimu Nyundo ilipopanda ligi kuu, mechi ya mwisho ilikwenda sare hadi karibu na filimbi, Nyundo wakapewa penalti. Aliyeuchukua mpira alikuwa beki mchomeleaji, mtu ambaye siku moja alipiga shuti mazoezini likaenda kuvunja dirisha la ofisi ya karakana, upande wa pili wa ukuta. Mashabiki nyuma ya goli walishindwa kutazama. Mmoja akageuka, akafumba macho kwa viganja, akasogea mbali kumpisha mpigaji. Akageuka wa pili. Mara uwanja mzima ukawa umegeuka, umerudi nyuma, kimya, hata bendera ya kona ikasikika inavyopigwa na upepo. Mpira uliingia, na hakuna shabiki wa Nyundo aliyeuona ukiingia. Tangu siku hiyo ikawa sheria ya watu wote: Nyundo ikipata penalti, unaupa uwanja mgongo, unafumba macho, unasogea mbali, hunong'oni, mpaka uambiwe. Aliyechungulia na penalti ikapotea, hakusalimiwa wiki nzima.

Wageni walicheka hadi wakashika mbavu. "Timu gani hii, mashabiki hawajui mabao yao yanafananaje?" Nyundo hawakujali. Na Komeo, juu ya kibanda, aliupa uwanja mgongo, akaielekea barabara, akajifunika macho. Walio nje walipomwona hivyo walijua, wakageuka na wao. Aliyoyasikia kutoka kwa wachezaji wa akiba kando ya mstari ndiyo aliyowapitishia.

Miaka ikaenda. Nyundo ilipanda, ikayumba, ikang'ang'ania. Halafu ikaja siku ya kubaki ligi kuu au kushuka daraja, nyumbani, mechi ya mwisho wa msimu. Sare tu ingetosha.

Tiketi zilikwisha mapema. Jukwaa lilijaa hadi kwenye ngazi, watu wakakaa ukingoni mwa uwanja karibu wakanyage chokaa. Meneja wa uwanja, mtu mpole mwenye funguo nyingi kiunoni, alimfuata Komeo getini kabla ya mpira kuanza.

"Mzee Komeo, leo hakuna dakika za mwisho."

"Hakuna?"

"Ndani hakuna pa kuweka mguu. Ukifungua watamwagika uwanjani, mechi itavunjwa, tutashushwa daraja mezani na wakubwa wa ligi. Komeo libaki hapo lilipo mpaka mpira uishe na wa ndani watoke kwa geti la magharibi. Tumeelewana?"

"Na wa nje wameambiwa?"

"Tumebandika tangazo."

"Wapi?"

"Pale dirishani pa tiketi."

Komeo aligeuka kutazama. Tangazo lilibandikwa kweli, kwa ndani ya kioo, na dirisha lenyewe lilikuwa limeshushwa bati tangu tiketi zilipokwisha. Alifungua mdomo. Kisha akaona si vizuri kumwambia mkubwa wa kazi kwamba amekosea, akaufunga. Meneja alimwachia askari mmoja mnene mwenye mafua, akaenda zake na funguo zikilialia.

Haukupita muda, pale milango miwili inapokutana, kwenye ufa wa upana wa vidole viwili, likatokea jicho.

"Mdogo wangu! Umekula?"

"Dada, rudi nyumbani."

"Nimeoga, nimevaa jezi, nirudi nyumbani nikamwonyeshe nani?"

"Leo sifungui. Wamekataza."

"Nani kakataza?"

"Meneja."

"Huyo meneja alikuwa wapi baba yako anachomelea bati hili?" Akaligonga geti kwa kiganja, likavuma. "Wewe utagonga reli, utavuta komeo, tutaingia kuisaidia timu. Wewe ni mwoga, sikatai, lakini huna roho mbaya."

Waliokuwa naye wakacheka. "Bi Bure, mdogo wako anatetemeka hadi geti linaimba!" alisema mwanamume mmoja.

"Anatetemeka kwa afya yake, wewe yakuhusu nini? Jitazame shingo yako."

Komeo alisogeza mdomo kwenye ufa, akashusha sauti. "Dada, basi usikae mbele. Sogea pale kwenye nguzo ya taa, nakuomba."

"Mbele ndipo mahali pangu. Nikae kwenye nguzo, mimi mbuzi wa kufungwa?"

Alitaka kumweleza ngazi za ule uwanja wa ugenini, shati, ile sauti ya adabu sikioni. Hakuwahi kumweleza mtu. Leo pia hakumweleza. Jicho likaondoka kwenye ufa, na mahali pake pakabaki rangi ya kutu ya jezi ya dada yake, imeliegemea geti.

Mpira ulianza. Kila alipopanda kibandani aliona barabara imeongezeka watu. Walifika kwenye nguzo ya taa, wakaipita, wakafika kwenye duka la vyuma, wakalipita, wakajaza mpaka kona ya barabara, na kutoka kona ile walikuwa bado wanakuja, wanatembea kwa furaha, wamebeba watoto mabegani. Hakuna aliyeona tangazo lolote. Kila mmoja alikuwa amekuja kwa dakika za mwisho, kama baba yake alivyokuja. Komeo akashuka. Akakaa chini, mgongo ukutani, chini ya kile kipande cha reli, akamwomba Mungu sare, halafu akaona aibu, maana aliona angepaswa kuomba jambo lingine.

"Mzee, unaumwa?" aliuliza askari, akivuta makamasi.

"Sijambo."

"Jasho lote hilo?"

"Ni la siku zote."

Ndani hakuna aliyefunga. Kipindi cha pili kilienda hivyohivyo, watu hawaimbi, wanahema tu. Wachezaji wa akiba wakaanza kukimbiakimbia kando ya mstari kupasha viungo. Kivuli cha jukwaa kikafika kwenye kibendera cha kona. Komeo hakuwa na haja ya saa, alizijua alama hizo kama anavyojua njia ya kwenda chooni kwake. Akasimama. Wakati huo akili yake yote ilikuwa kwa beki wa kushoto wa Nyundo, ambaye alikuwa anachechemea.

Kisha akasikia reli inagongwa. Ngo! Ngo! Ngo!

Nani anagonga? aliwaza kwa hasira. Nani huyo mpumbavu? Ndipo akaona nondo ya kugongea iko mkononi mwake.

Mkono haukumuuliza. Miaka yote ile uligonga reli kivuli kikifika pale, na leo pia uligonga. Nje, shangwe ilipanda kutoka getini hadi kona ya barabara, na waliokuwa nyuma kabisa, waliosikia reli kama ilivyosikika siku zote, wakaanza kutembea kwenda mbele. Hawakukimbia. Walitembea tu, kila mmoja hatua moja, na hatua zile zote zikaishia kwenye geti.

Chuma kililia. Milango miwili ikabenuka kuelekea ndani.

"Mzee, umefanya nini?"

"Sijui."

Alilirukia komeo. Lilikuwa gumu kama limechomelewa. Askari naye akashika, wakavuta wote wawili, mishipa ikasimama shingoni, komeo halikutikisika. Uzito wa barabara nzima ulikuwa umelilalia. Na hata katika kuvuta kule Komeo alijua jambo lingine baya zaidi: likichomoka sasa, milango itapasuka kwa ndani, na wa mbele wote watalala chini, na wa nyuma watapita juu yao wakidhani wanaingia kutazama mpira.

Kwanza kulikuwa na utani. "Fungua bwana, tunaiva huku!" "Komeo, ukichelewa tutaingia kwa ufa, mmojammoja, kama barua!" Halafu utani ukakoma. Mwanamke alimwita mtoto wake. Mtu alisema mkono, mkono, mkono. Na kwenye ufa, karibu kabisa na sikio la Komeo, sauti ya mwanamume asiyemjua ilikuwa ikisema, "Samahani, mama. Si mimi, mama. Wananisukuma."

"Dada!" aliita.

Akaweka jicho kwenye ufa akaona rangi ya kutu tupu.

"Dada!"

"Mdogo wangu," alisema Bi Bure. Haikuwa sauti yake. Ilikuwa sauti ndogo, ya mtu anayechagua maneno kwa sababu hewa haitoshi mengi. "Kifua."

Basi. 

"Rudini nyuma!" Komeo alipiga kelele mpaka koo likachubuka. "Rudini nyumaaa!" Wa mbele walimsikia lakini hawakuwa na nyuma ya kurudi. Wa nyuma hawakumsikia. Na saa hiyohiyo, upande wa uwanjani, wageni wakafunga bao. Hakuna aliyepiga yowe. Uwanja mzima wa Nyundo ulinyamaza ghafla, kimya cha watu walioambiwa msiba.

Komeo alimshika askari mabega. "Kaa hapa. Likilegea, livute polepole. Fungua mlango mmoja tu. Wa kwanza umpokee, asianguke."

"Litalegea vipi hili?"

"Likilegea!"

Akapanda ngazi ya kibanda kwa mikono na magoti. Nia yake ilikuwa moja, kuwaonyesha wa nyuma kwa ishara warudi. Alipoinuka juu ya zege, barabara yote ilimwona, na kwa kuwa siku zote walipomwona pale baada ya reli ilikuwa ni dalili ya kuingia, wakashangilia, wakasogea tena mbele. Akanyanyua mikono. Wakanyanyua na wao. Chini ya miguu yake, kwenye geti, kulikuwa na nyuso zimeinuliwa juu kutafuta hewa, na alijua uso mmoja kati ya hizo ni wa nani, na alijua kwamba akitazama atauona unavyobadilika rangi. Hakuweza. Mtu yule aliyekuwa na woga tangu uvunguni mwa kitanda alifanya jambo pekee alilolijua. Alijifunika macho kwa viganja.

Alisimama hivyo, uwanja nyuma yake, barabara mbele yake, macho yamefunikwa. Hakuwa akiwaza hila yoyote. Alikuwa akingoja kusikia dada yake anakufa.

Alichosikia ni mtu mmoja, mbali kidogo, akisema, "Penalti."

"Eh?"

"Mtazame Komeo. Tumepata penalti."

"Ndiyo maana uwanja umenyamaza! Geukeni, jamani, geukeni."

Neno lilisafiri kutoka mdomo hadi mdomo, likishuka sauti kila lilipofika, mpaka likawa mnong'ono, mpaka likazimika. Kisha ikaja sauti ya viatu. Viatu vingi, vinageuka, vinakwaruza lami, vinasogea. Vinakwenda mbali.

Ndipo Komeo akaelewa alichokuwa amekifanya, na hofu iliyompata hapo ilizidi ile ya kwanza. Akitoa viganja, wote watageuka. Akikohoa, watageuka. Aligandamiza mikono usoni hadi akaona nyota.

Chini, chuma kilikwaruza, kikakwama.

"Komeo," ilinong'ona sauti moja kutoka barabarani. "Kapiga?"

"Bado."

"Mbona anakawia?"

"Anauweka mpira."

Kikakwaruza tena. Kikakwama tena. Askari alipiga chafya. Komeo alihisi jasho linapita katikati ya vidole vyake na kuingia kwenye mikono ya shati.

"Vipi, Komeo?"

Akisema imeingia, wataruka na kukimbilia geti. Akisema imekoswa, watageuka kwa hasira. "Inarudiwa!" alisema, na sauti yake ilipasuka kama ya kijana anayebalehe. "Golikipa katoka mapema. Refa kasema irudiwe!"

Mguno mmoja ulipita barabara nzima. Hakuna aliyegeuka.

Na hapo komeo likateleza. Aliijua sauti ile kama kikohozi chake mwenyewe. Mlango mmoja ukalia, ukafunguka taratibu, na akamsikia askari, na mafua yake, akisema, "Polepole, mama. Nipe mkono. Polepole. Haya, na wewe."

Komeo akatoa viganja. Barabara ilikuwa imejaa migongo. Wanaume wazima, wanawake na mizigo yao, watoto mabegani mwa baba zao, wote wamempa mgongo, mikono machoni, kuanzia hatua chache kutoka getini hadi kona. Kati yao na geti kulikuwa na uwazi wa lami, na kwenye lami viatu visivyo na wenyewe. Waliobanwa walikuwa wakiingizwa ndani na kulazwa kwenye nyasi. Dada yake alibebwa na watu watatu. Mkono wake ulining'inia.

Kila walipouliza, Komeo alisema refa bado anabishana na wageni; filimbi ya mwisho ilipolia, ndipo barabara ikageuka. "Imekuwaje?" waliuliza.

"Tumefungwa," alisema Komeo, na hilo lilikuwa kweli.

Hakufa mtu. Kulikuwa na mikono iliyovunjika, mguu mmoja, mtoto aliyezimia akazinduka analilia kofia. Bi Bure alivunjika mbavu, akalazwa muda mrefu. Komeo alikaa kwenye kiti cha mbao kando ya kitanda chake, akihesabu kila pumzi kwa hofu ya ile inayofuata. Siku alipoweza kuzungumza vizuri, dada alimgeuzia uso.

"Nani alipiga?"

"Alipiga nini, dada?"

"Penalti. Mimi sikuweza kugeuka, nilikuwa nimebanwa. Lakini nilisikia watu wamenyamaza nyuma yangu, ndipo nikavuta pumzi. Nikasema hata akikosa nimemsamehe. Nani alipiga?"

Komeo alitazama mlangoni. Muuguzi hakuwepo. "Hakukuwa na penalti."

Bi Bure alifumba macho. Hakuyafumbua, hata Komeo akainuka kwenda kuita mtu.

"Kaa chini," alisema dada. "Wasije wakakusikia."

Nyundo ilishuka daraja. Geti la bati liliondolewa kimyakimya, likawekwa jipya la kufungukia nje, na meneja hakuuliza nani aligonga reli, labda kwa sababu angeulizwa nani alibandika tangazo. Lakini penalti ile haikuondoka. Waliokuwa ndani waliapa haikuwepo. Waliokuwa nje waliapa ilipigwa mara mbili, na kila mwaka waliongeza kitu: mara ya kwanza iliingia, refa akaikataa, refa alikuwa shemeji wa kocha wa wageni, ndiyo maana tumeshuka. Wanaume waliachana na marafiki zao kwa mkwaju ambao haukupigwa. Komeo alibadili njia ya kwenda dukani ili asipite wanapobishania.

Mchana mmoja walimkuta kwa kinyozi, kafungwa kitambaa shingoni, hana pa kukimbilia. Fundi viatu alikuwa jukwaani siku ile, muuza maji alikuwa nje, nao walikuwa wameshafikia kunyoosheana vidole.

"Mzee Komeo huyu hapa!" alisema muuza maji. "Yeye alikuwa juu ya kibanda. Sema mzee, leo tumalize. Ilikuwepo, haikuwepo?"

Wembe ulikuwa nyuma ya sikio lake. Komeo aliwaza barabara ile yote, watu wale wote na watoto mabegani, wakijua kwamba walisimama wamefumba macho kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwepo. Aliwaza siku nyingine, mahali pengine, watu wakisogea hatua moja, na hakuna tena wa kuwageuza.

"Mimi nilikuwa nimefumba macho," alisema.

"Mmesikia!" Muuza maji alipiga makofi. "Angefumba macho kwa nini kama hakuna penalti?"

Fundi viatu alishusha kidole chake.

"Mzee, tulia," alisema kinyozi, akaushika utosi wake kwa kiganja. "Ukitetemeka hivi nitakukata."